Aliyeniamuru Nizitoe Kabari

Anayetaka kucheka na acheke sasa, amalize, kisha anisikilize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu. Sikuwa na homa. Kileo sijapata kukitia kinywani tangu nizaliwe. Nalitaja hili la mchana kwa makusudi, kwa sababu watu wakisikia habari za namna hii hudhani lazima pawe na usiku na mbwa anayelia. Yangu hayakuwa na usiku. Yalikuwa na jua tu, na nyundo mkononi mwangu.

Mto wenyewe sitautaja kwa jina. Uko katika njia kuu itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga, ukishaiacha Diani nyuma na Msambweni hujaifikia. Aijuaye njia ile ataujua, na asiyeijua hatapungukiwa na kitu. Miaka ile ya hamsini, wakati wa Mkoloni, palikuwa na daraja kuukuu juu yake: vyuma viwili virefu vilivyolazwa juu ya nguzo za mawe, na juu ya vyuma, mbao. Lilijengwa zama za vigari vidogo. Kisha yakaja malori ya miwa yaendayo kiwandani Ramisi, na lori likipita, daraja lilikuwa likilia kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Madereva walikuwa wakiwashusha abiria wavuke kwa miguu, kisha wao wanalivusha gari peke yao huku wakisoma dua.

Serikali ikaamua kwamba daraja halitavunjwa, litatiwa nguvu. Vyuma vipya vingewekwa ubavuni mwa vile vya zamani, nguzo za mawe zingezungushiwa zege, na mbao zote zingebadilishwa. Kulikuwa kiangazi, maji yamepungua, kwa hiyo magari yakapitishwa chini, kwenye changarawe, nasi tukabaki na daraja letu.

Mimi nilikuwa fundi seremala. Nataka mwelewe kazi yangu, maana kisa chote kimo humo. Ili kukitengeneza chuma cha zamani, tulikiinua kidogo kwa jeki, kisha tukakikalisha juu ya magogo yaliyopangwa kwa kupishana tangu mchangani mpaka juu. Baina ya gogo la juu kabisa na chuma tulipigilia kabari, vipande vya mti mgumu wa mbambakofi, vinene upande mmoja na vyembamba upande mwingine kama ncha ya shoka. Mimi ndiye niliyezichonga. Kabari hizo ndizo zilizokuwa zimelibeba daraja. Ukizitoa kabla ya wakati wake, chuma kinashuka, magogo yanasukumana, na aliye chini hana pa kukimbilia.

Mnyapara wetu alikuwa Salimu, mtu wa Mkwiro, kule kisiwani Wasini. Naye hakuwa mnyapara wangu tu. Alikuwa mwamu wangu, kaka wa mke wangu Mwanaisha, na kwa kuwa baba yao alikwisha kufariki, ni yeye aliyeniozesha. Tulipendana sana mpaka pale Mwanaisha aliposhika mimba yake ya kwanza. Salimu akataka dada yake arudi Mkwiro akajifungulie kwa mama yao, kama ilivyo ada ya mimba ya kwanza. Mimi nikakataa. Mama yangu mzazi alikuwa mkunga, amewapokea watoto wa kijiji kizima. Kwa nini nimtie mke wangu chomboni na tumbo lile, avushwe bahari, na mkunga yumo nyumbani? Akanena, nikanena. Tukafika mahali ambapo kazini tulikuwa tukizungumza habari za kazi tu. Hakuniita tena mwamu. Aliniita fundi. Kila kibarua pale alijua kwamba hatuelewani.

Siku moja kabla ya siku yenyewe, Salimu alitukusanya sote akasema, "Kabari hizi asiziguse mtu mpaka injinia awepo, na mimi niwepo, na chini pasiwe na kiumbe. Nikimkuta mtu anazigonga hata kwa mzaha, anakwenda zake siku hiyo hiyo." Akanitazama mimi aliposema. Sikuchukia. Ndivyo ilivyotakikana.

Kesho yake injinia, Mzungu mmoja mwenye haya, aliondoka asubuhi kwenda Mombasa kufuata vifaa. Ilipofika adhuhuri kazi ikasimama. Wengine wakaenda kuswali kwenye msikiti wa makuti ng'ambo ya mto, wengine wakakaa kwa Bi. Mwanakombo, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akiuza mihogo na samaki wa kukaanga kando ya barabara. Mimi nilibaki juu ya jukwaa la mbao, chini kidogo ya chuma, nikimalizia kuchonga kabari moja ili niswali nikiwa sina kiporo. Lilikuwa jua la utosi, lile ambalo mtu hukikanyaga kivuli chake mwenyewe. Bi. Mwanakombo aliniita kutoka kule chini ya makuti yake kwamba mhogo wangu unapoa, nikampungia mkono kumwambia naja.

Ndipo nikamwona Salimu anakuja juu ya daraja.

Alikuja kutoka upande wa Msambweni, akitembea juu ya zile mbao kuukuu, shati lake la kaki, kofia yake ya kushonwa kwa mkono. Niaminini, nilimwona kama ninavyowaona ninyi. Akasimama karibu, miguu yake usawa wa kichwa changu, akasema, "Mwamu."

Moyo wangu ukalainika. Sijui kama mnanielewa. Mtu uliyempenda amekununia muda mrefu, kisha siku moja anakuita kwa jina lile la zamani, tena bila ya kulazimishwa na mtu. Nilikuwa tayari kufanya lolote atakaloniambia.

"Labeka, mwamu," nikasema.

"Zitoe kabari za upande huu."

"Sasa hivi? Injinia hayupo."

"Amekwisha sema. Zitoe."

"Na chini?"

"Chini hakuna mtu. Nimetoka huko."

Je, ningemkatalia? Ni mnyapara wangu, ni mwamu wangu, na sauti ni yake, na ndiye aliyepiga marufuku ile. Aliyefunga ndiye afunguaye. Nikaiweka chini ile niliyokuwa nikiichonga, nikashika nyundo, nikaigonga kabari ya kwanza kwa upande wake mwembamba. Ikakataa. Nikaigonga tena. Ikasogea, na vumbi la kutu na unga wa mti vikamwagika chini kupitia katikati ya magogo.

Kule chini mtu akapiga chafya.

"Alhamdulillahi," akasema.

Nami ulimi wangu ukajibu wenyewe, kama ujibuvyo ulimi wa Mwislamu yeyote, "Yarhamukallah." Nilikwisha kuinua nyundo kwa pigo jingine. Ndipo nikatambua kwamba sauti iliyohimidi ni ya Salimu, na Salimu yuko mbele yangu, na kinywa chake kimefumbwa.

Nikainama nikachungulia. Katikati ya magogo niliiona kofia, na mkono wa shati la kaki umeegemea nguzo ya mawe. Nikainua macho. Alikuwapo, amesimama, ananitazama. Nikainamisha macho. Alikuwapo, anajifuta pua. Sijui nilifanya hivyo mara ngapi. Ilikuwa kama mtu anayetafuta kitu alichokishika mkononi. Mara ya mwisho nilipoinua macho, juu ya daraja hapakuwa na mtu. Mbao tupu, ndefu, zinameta kwa jua. Hapakuwa na mahali pa kujificha hata paka.

"Nani huyo juu?" sauti ya chini ikauliza.

"Mimi."

"Mimi nani?"

Nikamtajia jina langu. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayehesabu maneno, "Haiwezekani. Wewe uko hapa na mimi."

Nilimwona akigeuza kichwa upande wa kushoto, nyuma ya nguzo, ili anionyeshe huyo mimi. Nilimwona akikigeuza tena haraka. Na uso alionielekezea baada ya hapo, wallahi, sijauona tena kwa mtu aliye hai.

Chuma kikalia.

"Toka!" nikapiga kelele. "Mwamu, toka!"

Akatoka mbio, akaingia majini mpaka magotini, akazunguka, akapanda ngazi. Chuma kilikuwa kikishuka, si kwa ghafla, kidogo kidogo, kama mtu mnene anayekaa, na ile kabari niliyoilegeza ilikuwa ikisukumwa nje. Nilijaribu kuirudisha peke yangu, ikawa inaruka pembeni kila nikiipiga, kwa kuwa haina wa kuishika. Salimu akafika. Hakuniuliza kitu. Akaishika kabari kwa mikono yake yote miwili, akaielekeza, akasema, "Piga."

Hebu fikirini. Mtu ameamini kwamba nimetaka kumwua, na nyundo ningali nimeishika, naye anaiweka mikono yake chini ya nyundo hiyo. Nikapiga. Moja ya mapigo likamchubua mkono, damu ikatoka, hakuutoa. Tukapiga mpaka kabari ikakaa, na chuma kikanyamaza.

Hapo ndipo tulipotazamana.

"Kwa nini?" akaniuliza. Alikuwa akihema. "Kwa sababu ya Mwanaisha?"

"Ni wewe uliyeniamuru!"

"Mimi? Mimi nikuamuru uzitoe kabari nami niko chini?"

"Ulikuwa hapa. Hapa. Ukaniita mwamu."

Akakunja uso. "Wewe ndiye uliyenifuata nilipokuwa nikitawadha mtoni," akasema. "Ukaniambia umeona ufa kwenye mguu wa nguzo, nije niutazame. Ukaniita mwamu na wewe. Nikafurahi. Nikakufuata mpaka chini ya magogo, ukanionyesha kwa kidole, ukaniambia niiname vizuri. Niliinama. Vumbi likaniangukia, nikapiga chafya."

"Sijashuka mtoni tangu asubuhi."

"Mwongo."

"Mwongo ni wewe."

Sauti zetu ziliwaleta watu. Walikuja kutoka msikitini na wengine kutoka kwa Bi. Mwanakombo, wakatukuta tumesimama kifua kwa kifua. Kila mmoja akaeleza yake. Mzee mmoja aliyekuwa akiswalisha pale akatwambia tuape. Ukaletwa msahafu, nikatia udhu, nikaapa. Salimu akaapa. Tuliapa kwa yamini moja, juu ya mambo mawili ambayo hayawezi kuwa kweli yote. Nilimtazama Salimu alipokuwa akiapa, nami nilimjua. Alikuwa mtu ambaye hangekula yamini ya uongo hata kwa kuokoa shingo yake. Na naona naye alikuwa akiniwazia hivyo hivyo. Ndiyo maana hakuna aliyefurahi tulipokwisha kuapa. Tungekuwa na nafuu kama mmoja wetu angekuwa mwongo.

Bi. Mwanakombo alikuwa amesimama nyuma ya wanaume, amejiziba mdomo kwa kanga. Akasema, "Mimi nilidhani ni jua."

Watu wakamgeukia.

"Nilimwona fundi akimfuata mnyapara kuteremka mtoni," akasema. "Nikampigia kelele kwamba mhogo wake unapoa. Hakugeuka. Nikasema moyoni, leo fundi ana nini? Nikainua macho, nikamwona fundi yuko juu jukwaani anachonga. Nikamwita tena, akanipungia mkono." Akanitazama. "Si kweli ulinipungia mkono?"

"Kweli, Bi."

"Kisha akaja mnyapara juu ya daraja. Na mnyapara alikuwa mtoni. Nikajifunika uso nikasoma nilivyojaliwa. Nilipojifunua nikasikia kelele zenu."

Salimu akaketi chini pale pale, juu ya mchanga. Kibarua mmoja, mtu wa bara, akachukua koti lake na sufuria yake, akashika njia ya kwenda Likoni, wala hatukumwona tena. Injinia aliporudi jioni akaelezwa, na yeye akasikiliza kwa adabu, akapapasa shingo yake nyekundu, akasema ni jua limetupiga, tuwe tunakunywa maji kwa wingi. Kisha akapanda akaitazama ile kabari kwa muda mrefu, akatuuliza ni nani aliyeirudisha. Tukasema sisi wawili. Akatikisa kichwa.

Mngedhani kisa kimeishia hapo. Laiti kingeishia hapo.

Nyumbani kwangu hakukuwa karibu na daraja. Mtu akitoka adhuhuri kwa miguu hafiki kabla ya alasiri. Mimi nilikuwa nikiondoka alfajiri na kurudi magharibi, na Mwanaisha alijua hivyo. Siku ile nilifika nikamkuta amevaa buibui, ameketi barazani, na kikapu chake kimejaa nguo kimefungwa kamba. Uso wake ulikuwa mkunjufu.

"Unakwenda wapi?" nikamwuliza.

Akacheka. "Si Mkwiro? Nimemtuma mtu akamwambie kaka anipitie."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Kicheko kikakatika. "Yako," akasema. "Leo mchana."

Nilishika nguzo ya baraza. Nikamwambia anieleze, polepole. Akasema nilikuja adhuhuri. Nilikula wali wote uliokuwamo, nikasifu upishi wake, jambo ambalo, akasema, si kawaida yangu. Kisha nikamwambia, "Nenda kwenu ukajifungulie. Mtu akiwa na uchungu humtaka mamake. Nimekuwa mkaidi, usinishike kwa hilo." Akasema alilia kwa furaha, nami nikamfuta machozi kwa upindo wa kanga yake.

"Na mama yangu alikuwa wapi?" nikauliza.

"Shambani. Kwani hukumbuki?"

Ningemwambia nini? Jamani, niambieni, ningemwambia nini? Niseme sikuja, aone nimempa kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine? Au ninyamaze, mke wangu aishi akikumbuka wema wa kitu nisichokijua, kitu kilichomfuta machozi? Nilimwambia kweli. Nilimweleza habari ya daraja tangu mwanzo mpaka mwisho. Alinisikiliza, na nikiendelea kusema nilimwona akijivuta nyuma kidogo kidogo juu ya mkeka, mkono wake tumboni, mpaka mgongo ukagonga ukuta.

Salimu akafika hapo hapo, amekuja kumchukua. Akaambiwa na hilo la wali. Akasimama mlangoni, akasema, "Sitamwacha dada yangu alale nyumba moja na mtu ambaye hata yeye hajui mchana alikuwa wapi."

"Na wewe je?" nikamjibu. "Wewe ni yupi kati ya wale?"

Mwanaisha akatutazama kwa zamu, mume wake na kaka yake, watu wawili aliowajua kuliko wote duniani. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyepotea sokoni. Akamwambia Salimu, "Nionyeshe mkono." Salimu akanyoosha mkono uliochubuliwa na nyundo yangu. Akaligusa lile jeraha, Salimu akagutuka. Ndipo akainuka akachukua kikapu chake. Mimi sikuwa na jeraha la kumwonyesha. Akapita mbele yangu bila ya kunigusa, akaondoka na kaka yake, nami sikumzuia.

Kazi iliendelea. Watu wa mila walisema mto umekasirishwa na kelele za nyundo, wakaja wakafanya yao kando ya maji. Yule mzee wa msikitini alisema ni jini tu, mahali pa maji na jua la utosi ni mahali pao, akatusomea dua. Injinia alitununulia kofia pana. Kila mmoja alikuwa na jibu lake, na kila mmoja aliridhika na jibu lake. Salimu na mimi tulirudi kwenye kabari. Tulikuwa na desturi mpya ambayo hatukuipanga: kabla ya kuniamuru jambo lolote alikuwa akinishika bega kwanza, nami namshika mkono, kisha ndipo anasema. Vibarua walituona kama wehu. Siku ya kuzitoa kabari, injinia akiwapo na mtoni pasipo na mtu, nilikwenda chini mara tatu kuchungulia, na nilipopanda nilimwomba Salimu anitajie majina ya mama yake na bibi yake. Akayataja. Nikagonga.

Daraja lilishuka juu ya vyuma vyake vipya taratibu, likakaa. Malori ya miwa yakapita na halikulia tena. Hatukukiona tena kile kitu, wala sikupata kujua kilitaka nini.

Habari ikaja kwamba Mwanaisha amejifungua salama, mtoto wa kike. Nikaenda Shimoni, nikapata chombo cha kunivusha. Bahari si mwenzangu; nilitapika njia nzima. Nilifika mlangoni kwa mkwe wangu nimelowa, nimepauka, nikabisha hodi. Mkwe wangu akatoka, akaufunga mlango nyuma yake, akasimama mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Simama hapo hapo." Alikuwa mama mdogo wa umbo, lakini siku ile alikuwa ukuta. "Taja jina la baba yako."

Nikalitaja.

"Hilo hata majirani wanalijua. Ulipokuja kuposa ulisema nini?"

Nikamwambia.

"Na hilo wengi walilisikia," akasema. "Mwanangu, nisamehe. Mimi sina ugomvi nawe. Lakini nitajuaje? Wewe mwenyewe ungekuwa mimi, ungejuaje?"

Mmepata kujiuliza swali hilo? Mtu athibitisheje kwamba yeye ni yeye? Uso wangu ulikwisha kuibwa. Sauti yangu ilikwisha kuibwa. Siri zangu, nani anajua kama hazikuibwa pia? Majirani walikuwa wamejaa uchochoroni, na nyuma ya ule mlango mtoto wangu alikuwa akilia, sauti ambayo sikuwa nimeisikia bado. Hasira ikanipanda, na machozi nayo.

"Mama," nikasema kwa sauti kubwa, "nimetoka mbali, nimetapika mpaka nyongo, na sijui nikupe ushahidi gani. Lakini nasema mbele ya watu wote hawa: mtoto huyu ilipasa azaliwe kwetu, mikononi mwa mama yangu, na mimi sikumpa mtu ruhusa ya kuja huku, na mpaka leo sijampa!"

Kisha nikasikia kicheko ndani, kicheko kilichochanganyika na kilio.

"Mama, mfungulie," Mwanaisha akasema. "Ndiye. Yule mwingine alikuwa na maneno mazuri."

Nikaingia, nikampokea binti yangu.

Sasa mimi ni mzee. Salimu tumemzika kwao Mkwiro. Tuliishi vizuri na yeye baada ya hapo, lakini jambo moja halikurudi: hatukukaa tena mahali wawili peke yetu pasipo na mtu wa tatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyepata kumwuliza mwenzake sababu. Mwanaisha yuko hai, yuko ndani huko anatusikia. Siku nikiwa na furaha nikamwambia neno tamu la ghafla, hanijibu. Hunitazama kwanza, muda mrefu, usoni na mikononi. Nami husimama nikatazamwa mpaka atosheke. Na mimi mwenyewe bado ninajiuliza. Kitu kile kile kilichotaka niimwage damu ya mwamu wangu, saa hiyo hiyo kilikaa nyumbani kwangu kikampa mke wangu ruhusa ambayo mimi nilimnyima, kikamfuta machozi. Kama kilikuwa kiovu, kwa nini wema ule? Na kama kilikuwa chema, kwa nini kabari? Au havikuwa kitu kimoja? Nimewaza hayo mpaka nimezeeka, na nikiwaza sana huona kichwa changu kinazunguka, naacha.

Ninyi mnaopita njia ile, piteni, daraja halina neno. Lakini siku moja, mahali popote, mtu umjuaye akija jua likiwa utosini akakuamuru jambo ambalo jana alikukataza, usimtii, na wala usimwite mwongo. Mwambie kwa adabu akungojee kidogo. Kisha nenda kamtafute kwingine kwanza.